Siku Kasuku Aliponyamaza

Alikuwako dalali mmoja wa nyumba, mwanamke, ambaye mtaa mzima ulimwita Kasuku, na yeye mwenyewe aliitika bila kununa. Jina hilo alibandikwa na mwenye duka la kona, siku alipopita pale na mteja akimsifia nyumba, akaenda, akarudi na mteja yule yule, bado anaisifia. Mwenye duka akaapa kwamba hapo katikati hakumwona akivuta pumzi. "Huyu si dalali," alisema, "huyu ni kasuku aliyefundishwa mambo ya kodi." Basi, likaganda.

Na kweli, kazi yake yote ilikuwa mdomoni. Aliweza kumwonyesha mtu chumba chenye kidirisha kama cha banda la kuku, na mtu akatoka anashukuru kwamba vumbi halitaingia. Hakuwa mwongo, hapana. Alikuwa mcha Mungu, aliogopa sana kulisha watoto riziki ya uongo. Alichofanya ni kutafuta jema lililomo katika kila nyumba, na ukitafuta kwa moyo safi hata choo cha nje kina jema lake. Kabla mteja hajafika, yeye alikuwa ameshatangulia na fagio, amefungua madirisha, ameondoa utando wa buibui. "Nyumba ni kama bibi harusi," alizoea kusema, "haitolewi mbele za watu kabla haijaogeshwa." Funguo alizifunga kiunoni kwa kamba, zikawa zinalia kila anapopiga hatua. Watu walisema funguo zile ni za nini, na mdomo umeshatangulia?

Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno ya kuhesabu. Akiulizwa wanaishije nyumba moja, alijibu, "Sisi tunaongea kwa zamu. Yeye ana zamu ya asubuhi, ya mchana na ya jioni. Mimi yangu ni ile ya kuota ndoto." Mkewe akisikia alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaendelea na zamu yake.

Sasa, asubuhi moja walimjia wanawake wawili. Mmoja alikuwa mwembamba, mwepesi wa miguu. Wa pili alikuwa na ujauzito uliokwisha komaa, ametundika futi ya kupimia shingoni kama watu wengine wanavyotundika mkufu, na mkononi ana mfuko wa vitambaa.

"Dada, tumesikia sifa zako," yule mwembamba akaanza. "Huyu ni wifi yangu, mke wa kaka. Ni fundi cherehani. Nyumba wanayokaa mwenyewe anaitaka, mwanawe anaoa. Tunatafuta nyingine kabla hajajifungua. Ila huyu hasikii."

"Ooh, pole jamani!" Kasuku akasema kwa sauti kubwa, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Kisha akamgeukia wifi mtu. "Anataka vyumba vingapi? Anapenda choo cha ndani? Anaogopa ngazi?"

"Si umuulize mwenyewe?" wifi akasema.

Kasuku akacheka, akadhani ni utani, akafungua mwavuli, akatangulia.

Nyumba ya kwanza ilikuwa mwisho wa barabara, nyuma ya miti, kuta nene, mahali pametulia kabisa. Kasuku alifungua mlango huku ameshaanza. Hapa kuna utulivu wa ajabu, majirani ni watu wa heshima, jua la asubuhi linaingia huku, la jioni linatokea kule. Alisema akielekea chumbani, akasema akifungua pazia, akasema ameweka uso dirishani akionyesha ua kwa kidole. Alipokuwa ameifikia habari ya paa jipya, alihisi mkono begani.

"Dada," fundi cherehani akamwambia, "unaongea na dirisha."

Kasuku aliruka. Hakutegemea kusikia sauti. Ilikuwa sauti ya kawaida, ila imetulia mahali pamoja, haipandi wala haishuki, kama mtu anayetembea uwanjani.

"Kumbe anasema!" akamwambia wifi.

"Nasema," fundi akajibu mwenyewe. "Masikio yaliondoka na homa nikiwa shule ya msingi, lakini mdomo uliniachia. Na wewe ukinitazama, nakusoma midomo. Ukinipa mgongo, sina langu. Mgongo wako haujasema neno tangu tutoke."

Wifi mtu alicheka mpaka akakaa kizingitini. Kasuku naye akacheka, ingawa masikio yake yalipata moto. Lakini ndugu yangu, tabia ni ngozi. Nyumba ya pili akajitahidi kugeuka, akageuka mara moja, kisha maneno yakamchukua, akajikuta tena anamsimulia kabati.

Nyumba hiyo ya pili ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa na vyumba vya kutosha, kila kimoja na mlango wake wa mbao ngumu, na ukumbi mrefu katikati. Kasuku alikuwa akiiweka kwa ajili ya wateja aliowapenda. Fundi cherehani aliingia, akatembea, kisha akakaa chini sakafuni sebuleni, na tumbo lile, akatazama mlango huu, akatazama mlango ule. Akahamia kona nyingine, akakaa tena, akatazama. Mwishoni alinyoosha mkono ainuliwe.

"Nzuri," akasema. "Lakini hapana."

"Hapana?" Kasuku akamwuliza wifi. "Ana nini huyu? Nyumba kama hii mtu anaikataa akiwa amekaa chini?"

"Nimeyaona hayo pia," fundi akasema, akitabasamu. "Umeyasema kwa ubavu, lakini nimeyaona."

Jioni ile Kasuku alipika akiwa ametekwa na mawazo, hata akawaka uso ghafla, akapiga mwiko kwenye sufuria. "Nimepata!" akamwambia mumewe. "Baba, nimepata! Ile nyumba ya ubavuni mwa mashine ya kusaga! Wapangaji wote wamekimbia kwa kelele. Mwenye nyumba ananisumbua kila siku. Na sasa Mwenyezi Mungu ameniletea mtu ambaye kelele si kitu kwake. Unaona anavyopanga mambo?"

Fundi bomba alitafuna, akameza. "Mh," akasema. Hiyo ilikuwa hotuba, kwa upande wake, lakini mkewe hakuisikiliza.

Kesho yake akawapeleka. Kwa nje nyumba ilikuwa nadhifu, na yeye alikuwa ameifagia toka alfajiri. Upande wa pili wa ukuta mashine ilikuwa kazini, inaunguruma kama lori lililokwama. Wifi mtu akaziba masikio. Kasuku, safari hii, alimtazama fundi usoni kabisa, akaufungua mdomo wazi kama yuko kwa daktari wa meno. "Nyumba hii ilikuwa inamsubiri mwenyewe! Kodi nafuu! Na kelele kwako si taabu!"

Fundi alivua ndala zake, akasimama peku. Akaweka kiganja ukutani. Kisha akauchukua mkono wa Kasuku, akauweka pale pale karibu na wake.

Ukuta ulikuwa unatetemeka. Sakafu ilikuwa inatetemeka. Kasuku, ambaye kwa miaka yote alikuwa ameisikia nyumba ile kwa masikio tu, aliisikia sasa ikimpanda kwenye mifupa ya mkono mpaka begani na kwenye meno. Na kabla hajasema kitu, fundi akauhamisha mkono ule kutoka ukutani, akauweka tumboni mwake. Mtoto alikuwa anapiga mateke kama anayedai kufunguliwa.

"Hata huyu anakataa," fundi akasema. "Dada, ulidhani kwa sababu sisikii, basi kelele zote za mji ni zangu?"

Alisema kwa kucheka, bila uchungu wowote. Lakini Kasuku aliona aibu mpaka funguo zake zikanyamaza. Alifunga mlango, akawasindikiza hadi njia panda, akawaaga kwa kichwa.

Usiku ule walikula kimya. Fundi bomba alimtazama mkewe, akamtazama tena, mwisho akanyoosha mkono akamgusa paji la uso. "Una homa?"

"Sina."

"Kuna mtu amefariki?"

"Hakuna mtu." Akamweleza yote, toka dirisha mpaka tumbo. "Nilimtafutia nyumba ya masikio yake," akasema. "Sikumuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Mimi, mtu wa kuuliza kila kitu!"

Mumewe alisogeza sahani pembeni. "Mimi nikiitwa kwa mtu," akasema polepole, "siendi nimebeba bomba begani. Naenda mikono mitupu, nakaa, naangalia maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi. Bomba nanunua baadaye."

Ilikuwa ndiyo zamu ndefu kuliko zote aliyowahi kuchukua katika ndoa yao, na Kasuku aliiheshimu. Asubuhi akaziacha funguo msumarini, akaenda kwa fundi cherehani mikono mitupu.

Alikuta mlango umeegeshwa. Karibu na kitasa palikuwa na uzi unaning'inia, na juu yake mchoro wa mkono unaovuta. Akavuta. Ndani, kitambaa chekundu kilichofungwa mwisho wa uzi kikarukaruka juu ya cherehani, mbele ya macho ya fundi, naye akainua kichwa akacheka.

"Karibu! Leo umekuja bila kengele kiunoni? Nilikuwa naziona funguo zako zikicheza, nikajua zinapiga kelele."

Kasuku akakaa kwenye kigoda, akamtazama usoni. Akafunga mdomo. Kisha akaufungua kwa swali moja tu: "Niambie mwenyewe, unataka nyumba ya namna gani?"

Wakati anajibiwa, macho yake yalianza kuona alichokuwa hajawahi kukitafuta. Cherehani ilielekea mlangoni. Ukutani palikuwa na kioo, kimeinamishwa kidogo, ili anayetokea nyuma aonekane. Taa ilikuwa mahali pa kumwangaza mgeni usoni. Chumba kizima kilikuwa kimepangwa kwa ajili ya macho, kama jiko linavyopangwa kwa ajili ya mikono ya mpishi.

"Sitaki nyumba ya kimya," fundi akasema. "Kimya ninacho cha kutosha, naweza hata kukugawia. Nataka nyumba inayoonekana. Nikikaa kwenye cherehani nimwone mtoto popote alipo. Ile yako nzuri, kila chumba kina mlango wake. Mtoto akiwa chumbani nami niko sebuleni, ni kama yuko mji mwingine."

Akanyoosha kitambaa ambacho kilikuwa kimeshanyooka.

"Mama mkwe wangu si mtu mbaya, nisimseme vibaya. Ananipenda. Ameshanunua hata beseni la kumwogeshea. Lakini anasema mtoto akilia sitamsikia. Anasema akizaliwa aende kwake, akae kule mpaka aweze kunivuta nguo mwenyewe. Mume wangu ni dereva wa lori, akitoka leo ni mpaka wiki nyingine, hana la kumjibu mama yake. Ni mtoto wangu wa kwanza, dada. Nikamwomba, nikamwambia, mama, nikipata nyumba ambayo namwona mtoto wakati wote, uje ukae uangalie kwa macho yako. Ukiona siwezi, mchukue. Akakubali. Sasa bila nyumba hiyo..."

Hakumaliza. Kasuku naye hakummalizia, na kwa anayemjua, huo ulikuwa muujiza mdogo. Alimshika mkono tu. Moyoni akasema, Mola wangu, nyumba ngapi umezipitisha mikononi mwangu? Nionyeshe hiyo moja.

Ikamjia akiwa bado amekaa, na alipoikumbuka akakunja uso.

Ilikuwa karakana ya zamani ya seremala, mtaa wa nyuma. Chumba kimoja kikubwa kama ukumbi wa shule, kati kina ukuta mfupi unaofika kiunoni, basi. Dirisha pana mbele, mlango wa nyuma unaotazama ua mdogo, na choo na bafu pembeni. Kila aliyeonyeshwa alikataa. "Nyumba haina siri," walisema. "Mgeni akija anaona mpaka kitanda." Hata Kasuku, na ulimi wake wote, alikuwa hajapata jema la kuisemea. Na tena palikuwa na mwenye nyumba. Huyo ni seremala mwenyewe, mzee sasa, aliyekaa nyumba inayopakana nayo. Watu walimwita Mzee Jiwe. Ukimsalimu kwa nyuma, anapita. Ukibisha hodi, hafungui. Madalali walikuwa wameshamwacha na karakana yake.

"Ipo moja," Kasuku akasema. "Lakini ni mbaya."

"Mbaya inaonekana?"

"Yote! Ukisimama mlangoni unaiona hadi aibu yake."

"Twende," fundi akasema, akitafuta ndala.

Walikwenda na wifi mtu. Njiani Kasuku alikuwa na habari za kusema, na hakutaka kumpa mteja mgongo, basi akageuka akatembea kinyumenyume katikati ya mtaa, akieleza kwa mikono na midomo. Mwenye duka la kona alitoka nje kutazama. "Leo kasuku anarudisha gari?" akauliza. Kasuku akataka kumjibu, akakanyaga ndoo ya maji ya mwosha vyombo, akaingia mguu mzima. Fundi cherehani alicheka mpaka akashika ukuta, mkono mwingine tumboni. "Usinizalishe barabarani, dada!" akasema. "Twende tu tumenyamaza. Tukifika utasema." Kumbe na hilo linawezekana. Wakaenda kimya, mguu mmoja wa Kasuku ukilia chwa, chwa.

Karakana haikuwa na kufuli, na bado ilikuwa na harufu ya mbao. Fundi alisimama mlangoni. Hakuingia mara moja. Kisha akaenda moja kwa moja hadi chini ya dirisha pana, akakaa kwenye ubao uliosahaulika pale, akaweka mikono mbele kama mtu aliye kwenye cherehani. Akatazama ng'ambo ya ukuta mfupi, mahali kitanda kingekaa. Akatazama mlango wa nyuma, na ua. Akatazama mlango wa mbele. Hakuhitaji kuhama kona.

Aliinua macho kwa Kasuku, na macho yalikuwa yamejaa.

"Hii," akasema.

Kasuku alikuwa na maneno mengi, yakamkwama yote. Wifi mtu ndiye aliyesema, akifuta macho kwa kanga yake, "Sasa kazi iko kwa jiwe."

Wakaenda kwa mwenye nyumba. Hodi. Hodi tena. Ndani redio ilikuwa inapiga kelele ya kutosha kijiji. Hodi ya tatu Kasuku aliipiga kwa ngumi. Mwisho mzee alitoka kwa shughuli zake, ana ndoo mkononi, akashtuka kuwakuta watu watatu mlangoni.

"Mnavizia nini hapa?"

"Shikamoo mzee! Tumebisha sana!"

"Marahaba. Mnataka nini?"

Hapo Kasuku akafanya kosa lake la mwisho. Aliona aanze na jambo gumu ili limalizike, na alipokuwa anaanza, aligeuka kuionyesha karakana kwa kidole. Akasema kuielekea karakana kwamba amepata mpangaji, fundi mzuri, mstaarabu, msafi, hasikii lakini...

"Geuka!" mzee akanguruma. "Unaongea na nani huko? Mtu anaongea na mtu, haongei na ukuta!"

Kasuku akageuka kwa hofu, akarudia, safari hii usoni. Mzee alimfuata mdomo, akakunja paji la uso.

"Hasikii? Hapana. Moto ukitokea? Mwizi akija? Nikimgongea mlango nitagonga mpaka lini? Tafuta mwingine."

Kasuku alivuta pumzi, na kila neno tamu alilowahi kulisema katika maisha yake lilikuja mbio likapanga foleni ulimini. Alikuwa tayari kusema mpaka jua lizame. Akahisi mkono begani, ule ule.

"Nyamaza, dada yangu," fundi akamwambia taratibu. "Niachie mimi. Mtazame macho yake."

Kasuku akamtazama mzee, kwa mara ya kwanza bila kufikiria atasema nini baadaye. Macho ya Mzee Jiwe hayakuwa machoni mwa watu. Yalikuwa midomoni. Fundi aliposema, yalihamia kwa fundi. Wifi alipokohoa pembeni, hayakwenda popote.

Fundi akasogea hatua mbili, akajiweka mahali ambapo mwanga ulimpiga usoni. Akasema polepole, na mikono yake ikasema pamoja naye.

"Mzee, ulikuwa na msumeno wa umeme?"

"Miaka yote, kelele zake masikioni," mzee akajibu.

"Na mlango wako ukigongwa, nani anakuambia?"

Mzee aliweka ndoo chini. Kasuku akamwomba Mungu amsamehe kwa lile jina la Jiwe, maana naye alikuwa amelitumia.

"Hakuna," mzee akasema mwisho. "Binti yangu alikuja na wajukuu, akagonga, akaondoka. Akasema sitaki kumwona. Na mimi nilikuwa hapa hapa ndani, nawangoja." Kisha akakaza sauti. "Sijamwambia mtu. Na nyie msiseme."

"Hatusemi," fundi akajibu. Akamtazama Kasuku. "Hata huyu."

Mzee akacheka, cheko fupi la mtu aliyesahau linavyoanza.

Fundi hakupoteza muda. Fundi cherehani hatembei bila uzi. Alitoa kwenye mfuko wake uzi mgumu wa kushonea mahema na kipande cha kitambaa chekundu, akamwelekeza wifi mahali pa kupitisha, juu ya mlango wa karakana, kwenye msumari wa zamani, mpaka dirishani. Akakaa pale juu ya ubao, mgongo kwa mlango. "Toka nje, mzee. Funga. Vuta wakati unaotaka wewe."

Mzee akatoka, akafunga. Akakaa kimya makusudi, ujanja wa kizee, ili amchoshe. Kisha akavuta kidogo mno, kama anayemwibia mtu leso. Kitambaa kikatikisika. Mlango ukafunguliwa kabla mkono wake haujaachia uzi.

"Karibu, mzee."

Akafunga tena, akavuta tena. Karibu, mzee. Akafunga, akavuta. Wifi mtu akaanza kulalamika kwamba wifi yake atajifungulia pale pale kwa kufungua mlango, ndipo mzee akaacha, uso umemng'aa.

"Wapangaji wangu wa zamani," akasema, "walikuwa na masikio mawili mazima, na nilikuwa nikigonga wananiambia hawapo." Akajikuna kichwa. "Hicho kitambaa, lazima kiwe chekundu?"

"Rangi unayotaka wewe."

"Mimi nipe kijani."

Basi wakahamia. Fundi bomba alikuja akarekebisha bafu, akatundika na kioo ukutani kwa pembe aliyoelekezwa, hakusema neno, akaondoka amefurahi. Dereva wa lori alirudi safari akasimama katikati ya nyumba akazunguka pole pole, akasema, "Sasa nikirudi na kitu nimekificha mfukoni, nitakificha wapi?" Na mtoto akazaliwa salama, wa kike, kwa rehema zake Mola.

Siku ya mama mkwe ilifika. Alikuja na mkoba mkubwa, mtupu, wa kubebea nguo za mtoto. Kila mtu aliuona, hakuna aliyeutaja. Kasuku alikuwapo, ameomba kuwapo, na alikuwa ameahidi kwa Mungu na kwa mumewe kwamba hatasema. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha kona, mkoba magotini, akaangalia.

Fundi alimlaza mtoto ng'ambo ya ukuta mfupi, akaketi kwenye cherehani, akaanza kushona. Mguu unakanyaga, sindano inapanda na kushuka, na kila anapofika mwisho wa mshono macho yanakwenda na kurudi, kama pumzi. Kasuku alikuwa amekaza meno mpaka taya zinauma.

Kule kitandani mtoto akakunja kiganja. Akakunja paji la uso. Mdomo ukaanza kupinda, ule upinde unaotangulia kilio, na mama mkwe akaegemea mbele, tayari.

Cherehani ilikuwa imeshasimama. Fundi alikuwa ameshavuka ukuta mfupi, amemwinua mtoto, amemweka kifuani. Kilio kilichokuwa njiani kilifika, kikakuta kimechelewa, kikageuka mwayo.

Mama mkwe akaegemea tena kitini.

"Hata hajalia," akasema. "Mimi wangu wote niliwachukua baada ya kulia. Huyu hata hajalia!"

Akamtazama Kasuku, kama anayetaka shahidi. Na Kasuku, Mungu ni shahidi, alifungua mdomo, akaufunga, akaitikia kwa kichwa tu, machozi yakimtiririka.

Mama mkwe alisimama, akaenda kumbusu mjukuu. Kisha akatazama ukutani, akaona msumari, akautundika ule mkoba mtupu. "Utawekea vitambaa vyako, mwanangu," akamwambia mkwewe, akiwa amejiweka kwenye mwanga, usoni kabisa. Alikuwa ameshajifunza.

Wakati huo ng'ambo ya ua walionekana watoto wanacheka. Walikuwa wajukuu wa seremala, baada ya mzee mwenyewe kumwambia binti yake ukweli. Walikuwa wakivuta uzi wa kitambaa cha kijani, wanakimbia, wanarudi wanavuta tena, na babu yao anatoka kila mara, anajifanya kukasirika.

Kasuku alirudi nyumbani jioni. Fundi bomba alimwuliza, "Umenyamaza kweli?"

"Nimenyamaza."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, baba."

Mumewe akamsogezea kiti, akakaa mbele yake, uso kwa uso, akaweka mikono magotini.

"Haya," akasema. "Zamu yako."